Bangili Zangu Hazijambo?

Mwezi uliopita nilikabidhi mizani, mkasi na kitabu cha amana, nikatia sahihi kwamba nimekabidhi mizani, mkasi na kitabu cha amana, nikaenda zangu nyumbani. Vijana wa ofisini waliniandalia chai na keki, kisha wakaniomba niwaandikie tulivyofanya kazi zamani, miaka ile ya kuelekea bendera ya uhuru. Nadhani walitarajia niandike juu ya uaminifu, maana wengi wanaopewa keki huandika juu ya uaminifu. Mimi nitaandika juu ya pazia, kufuli tatu na cherehani ya Bi Salma, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyonifunza kazi.

Chama chetu cha Likoni kilianzishwa na wazee waliokuwa wamechoka na riba. Walikuwa na pesa zao kwenye benki kule kisiwani, na kila mwisho wa mwaka benki iliwaongezea kidogo. Wao wakivuka feri kwenda kukirudisha hicho kidogo, makarani wa benki hawakujua wakiandike wapi. Baada ya miaka ya kubishana dirishani, wazee walikodi chumba nyuma ya duka la mbao, wakanunua sanduku la chuma, wakaanzisha cha kwao. Jina la Chama lilikuwa refu na lenye baraka nyingi hata mchoraji akaishiwa na ubao kabla hajalimaliza. Kibao kile kilikaa mlangoni hivyo hivyo miaka yote, na sisi tuliita Chama tu.

Kazi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwakopesha wanaume bila riba, kwa wadhamini wawili na maneno mengi. Ya pili ilikuwa kuweka amana, na amana za wanawake zilikuwa dhahabu. Sheria ya amana ni nyepesi kuieleza. Kitu kilichowekwa kinakaa kama kilivyowekwa. Hakikopeshwi, hakivaliwi, hakitumiwi hata kwa siku moja, na aliyekabidhiwa akikitumia basi kimemkaa shingoni mpaka akirudishe kizima.

Sasa, mwanamke wa Likoni hakuwa tayari kumvulia mwanamume bangili mezani, na wazee nao hawakutaka kuonekana wakitazama mikono ya wake za watu. Ilibidi apatikane mwanamke anayejua kusoma, kuandika na kupiga hesabu. Tulikuwa wachache, na wengi wa hao wachache walikuwa na baba wa kusema hapana. Mimi baba yangu alikuwa amefariki. Mama yangu alihesabu vinywa vilivyokuwa nyumbani, akasema ndiyo.

Siku ya kwanza nilipokewa na katibu, Maalim Omari. Alikuwa amehesabu shehena Kilindini kwa miaka thelathini, gunia kwa gunia, mpaka bandari ikamstaafisha. Alikaa Changamwe, akija kwetu mara mbili kwa wiki kwa basi na feri. Sikumaliza hata kumwamkia alipoweka mbele yangu mkebe wa misumari aliouazima dukani.

"Hesabu, binti."

Nikahesabu, nikamwambia idadi.

"Hesabu tena."

Mara ya pili ilizidi misumari mitatu. Akaniuliza ipi ni sahihi. Nikamwambia ya pili, kwa sababu mara ile nilikuwa makini zaidi.

"La. Hujui ipi sahihi," akasema. "Andika zote mbili, kisha muite mtu mwingine ahesabu."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimeajiriwa na mwendawazimu. Mama akauliza kama mwendawazimu huyo analipa kwa mwezi au kwa wiki.

Chumba kiligawanywa na pazia la kijani, zito, lenye mpasuo wa kupitisha mkono. Wanaume upande wa barabarani, mimi na wanawake upande wa ua. Nilikuwa na mizani ya sonara na mawe yake ya shaba, na tulipima kwa tola kama masonara wote. Mwanamke alikuja, akavua buibui, tukaamkiana na kuulizana hali za watoto hadi wa mwisho, ndipo dhahabu ikatoka. Niliipima mbele yake, nikaiandika na kila alama yake, nikaishona ndani ya kifuko cha marikani kwa sindano na uzi, mshono mdogo mdogo, naye akitazama. Niliandika namba juu ya kifuko, nikampa mwenyewe stakabadhi, kisha nikakipitisha kwenye mpasuo. Upande wa pili Mzee Bakari, mweka hazina, alikipiga lakiri nyekundu na mhuri, kikaingia sandukuni.

Siku moja mwanachama alikuwa upande wa wanaume akiomba mkopo, akiapa kwamba nyumbani kwake hamna dhahabu hata ya sindano, wallahi, angekuwa nayo asingekuja kusumbua watu. Mkewe alikuwa upande wangu, mkufu wake ukiwa juu ya mizani. Tulinyamaza wote wawili, sindano ikiwa hewani, mpaka akamaliza kuapa. Alipata mkopo. Mkewe alipata stakabadhi, akaikunja ndogo sana, wala sikumuuliza ataiweka wapi.

Sanduku lilikuwa na kufuli tatu na funguo tatu. Mmoja alikaa nao Mzee Bakari, mwingine Maalim Omari, wa tatu mwenyekiti, ambaye ndiye mwenye duka la mbao. Sanduku halikufunguka mpaka watatu wakutane. Maalim Omari aliipenda kanuni ile kama mtu anavyompenda mjukuu wake wa kwanza, na aliieleza hata kwa watu waliokuja kununua mbao.

Kila mwisho wa mwezi tulikagua amana. Wazee walifungua sanduku upande wao, mimi nikasoma kitabu upande wangu.

"Namba saba, bangili, jozi moja."

"Ipo," Mzee Bakari akajibu.

Nikatia alama. Mwezi wa kwanza kabisa niliuliza, kwa adabu yote, kama naweza kuviona hivyo vifuko kwa macho. Upande wa pili mwenyekiti akakohoa.

"Binti Zainabu," akasema, "Mzee Bakari amesema ipo."

Nilijua papo hapo nimefanya nini. Mzee Bakari alikuwa akifika msikitini kabla ya muadhini. Alivisha mayatima kila sikukuu. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kanzu yake nyeupe hata siku za matope. Nami, msichana wa juzi, nilikuwa nimemuuliza mbele ya wenzake kama anasema kweli. Nilitia alama, nikatia sahihi, nikaendelea kutia alama na sahihi hivyo hivyo kwa karibu miaka minne.

Hiyo namba saba ilikuwa ya Bi Mwanaisha wa mtaa wa Shika Adabu. Alikuwa mjane, na alikaanga mahamri alfajiri akiwauzia watu wa bandarini kabla hawajavuka. Zile bangili mbili alizinunua kwa mahamri, miaka mingi, kwa nia moja tu: aziuze siku nauli ya meli itakapotimia, aende Hija. Aliziweka kabla mimi sijaajiriwa, mmoja wa wachache waliothubutu, akakishona kifuko mwenyewe, kwa hiyo niliziona kitabuni tu. Mwaka wangu wa kwanza alifika ofisini mara mbili. Kuanzia mwaka wa pili hakukosa mwezi. Aliingia upande wa ua, akaketi kwenye mkeka, akajipepea.

"Bangili zangu hazijambo?"

"Hazijambo, Bi Mwanaisha."

"Hazijambo kweli?"

"Zipo, bi. Zimetulia."

"Haya. Zisalimie."

Akaenda zake. Nilimwona bibi wa mzaha, na siku zenye kazi nyingi nilimwona bibi wa kuchosha. Wakati mwingine nilimjibu bila kuinua kichwa.

Mwaka huo wa pili ndio nilioolewa, na Saidi, aliyekuwa akipaka grisi winchi za bandarini na kuja posani amenawa mikono mara saba bila kufanikiwa. Mama hakuwa na dhahabu ya kunivisha. Mzee Bakari alisikia, na siku ya pili mkewe, Bi Salma, akaja kwetu na kitambaa alichokikumbatia kifuani. Ndani mlikuwa na bangili mbili pana zenye nakshi ya asumini, moja kitasa chake kimepinda kidogo.

"Vaa, mwanangu," akasema. "Biharusi wa Chama hatoki mikono mitupu. Utanirudishia baada ya fungate."

Mama alilia. Mimi nilimwombea dua Bi Salma, naye akaipokea. Siku ya kupamba niliketishwa mbele ya wanawake wa Likoni, mikono magotini, bangili zikiwaka. Bi Mwanaisha, aliyetukaangia mahamri ya harusi na kukataa malipo, aliketi mstari wa mbele. Alinitazama muda mrefu sana. Nikadhani anaikumbuka harusi yake.

Kabla ya harusi hiyo funguo zilikuwa zimeshafanya safari yao. Mwenyekiti alisafiri mara kwa mara kununua mbao, na Maalim Omari alianza kuumwa goti, na foleni ya feri haina huruma na goti la mtu. Ikawa mama wa watu anakuja kutaka mkufu wake, na wenye funguo hawapo. Siku moja mama mmoja alingojea tangu asubuhi mpaka alasiri. Mwenyekiti aliona haya, akamtumia Mzee Bakari ufunguo wake, "wa leo tu." Kesho yake angeuomba vipi? Kumwomba mtu kama Mzee Bakari arudishe ufunguo ni kumwambia kwamba una sababu ya kuutaka. Ukabaki. Baada ya miezi michache na Maalim Omari akauacha wake, kwa ajili ya goti, na kwa ajili ya kutoonekana kwamba yeye ndiye pekee asiyemwamini mwenzake. Funguo tatu zikakaa kwenye pete moja, kwenye msumari nyuma ya kiti cha mweka hazina. Kila alipoegemea nilizisikia zikigonga ukuta.

Vijana, mnasoma siku hizi kwamba wizi wa ndani huingia kwa tamaa. Mimi niliuona ukiingia kwa adabu. Hakuna mtu aliyevunja kanuni kwa nia mbaya. Kila mmoja alimstahi mwenzake, na mwishoni mtu mmoja akawa na sanduku peke yake.

Mwaka wa nne maneno ya bendera yalikuwa kila mahali. Watu waliuliza pwani itakuwa ya nani, na wengine wakauliza na Chama je, kitakuwa cha Nairobi? Maalim Omari aliwajibu kwamba serikali yoyote itakayokuja itakuta kufuli tatu. Bi Mwanaisha naye, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, alitoa notisi. Nauli imetimia, akasema, zikiongezwa bangili. Ataziuza baada ya Idi na kupanda meli ya mahujaji ya mwaka ule.

Wiki hiyo hiyo binamu wa mume wangu alikuwa akimwoza binti yake huko Utange. Nilivuka feri, nikapanda basi hadi ng'ambo ya daraja la kuelea, na kipande cha mwisho nikakimaliza kwa miguu, viatu mkononi. Alasiri biharusi akatolewa, akaketishwa, vigelegele vikapigwa. Nami nikainua mkono kupiga makofi, mkono ukabaki hewani.

Shingoni mwake mlikuwa na mkufu namba thelathini na mbili. Niliupima mwenyewe miezi sita nyuma. Ulikuwa na pete moja ya fedha katikati ya dhahabu, kwa sababu sonara aliyeutengeneza aliishiwa, na mwenyewe akasema acha hivyo hivyo, utajulikana. Ukajulikana. Mikononi mwa biharusi zilikuwa zile bangili za asumini za Bi Salma. Hizo hazikunishtua. Nilimhesabu Bi Salma kuwa mtu mkarimu.

Nikamsogelea mama wa biharusi. "Mkufu mzuri, mashallah. Wa nani?"

"Wa kukodi, mwanangu," akaninong'oneza. "Kwa Bi Salma wa Likoni. Wote twakodi kwake. Bei yake nafuu, na mumewe mtu wa dini, hatakudhulumu."

Sikula pilau yao. Nilirudi Likoni jioni ile ile. Asubuhi yake ilikuwa siku ya Maalim Omari, na Mzee Bakari alikuwa hajaja. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nililiinua pazia nikapita.

"Maalim, nataka kuiona namba thelathini na mbili."

Hakuniuliza kwa nini. Aliinuka na goti lake, akaitoa ile pete kwenye msumari, akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili. Kabla ya kufungua ya tatu akasimama. Alikuwa akiutazama mkono wake, mmoja, wenye funguo tatu.

"Subhanallah," akasema. Kisha akafungua.

Kifuko kilikuwepo. Lakiri nzima, mhuri sawasawa, namba imeandikwa kwa kuuiga mkono wangu. Tulikiweka kwenye mizani, uzito ukakaribia. Nikakigeuza.

"Maalim, hiki kimeshonwa kwa cherehani."

"Na wewe hushoni kwa cherehani?"

"Mimi sina cherehani."

Likoni nzima ilijua nani ana cherehani. Tulivitoa vyote, tukavigeuza kimoja kimoja. Nusu yake vilikuwa na mshono wa mkono, nusu vimenyooka kama kola ya shati la dukani. Nilihesabu mara mbili, kisha nikampa Maalim ahesabu. Namba saba ilikuwa ya cherehani. Ndani yake palikuwa na kitu kigumu, na kwa kupapasa nilihisi bawaba za mlango.

Hatukuweza kuvifungua. Kifuko cha amana anakifungua mwenyewe, na sisi tulikuwa watu wa kuheshimu amana, kama mlivyokwisha kuona. Nilitaka tumwite mwenyekiti, askari, mtu yeyote. Maalim Omari aliketi akisugua goti, akasema kwamba anakwenda kumuuliza khatibu suala la zaka.

Nilidhani amerukwa na akili tena. Lakini suala lake lilikuwa hili: dhahabu ya kuvaa, kwa madhehebu yetu, haina zaka. Je, dhahabu iliyofungiwa sandukuni mwaka mzima, isiyovaliwa? Khatibu, asiyejua lolote, akajibu kwamba hiyo ni hazina iliyowekwa, na ikitimia kiwango ina zaka, na mwenyewe lazima aujue uzito wake. Ijumaa ile ikatangazwa: baada ya siku kumi, kila mwanamke mwenye amana afike afungue kifuko chake na kupima, awahi kabla ya Ramadhani.

"Siku kumi zote!" nikamwambia Maalim. "Atarudisha kila kitu."

"Naomba kwa Mungu arudishe. Bi Mwanaisha atauza nini apate nauli? Atamuuza Bakari?"

Siku zile kumi cherehani ya Bi Salma ilisikika mpaka barabarani. Wanawake tusiowajua walishuka kwenye feri na vikapu, wakaingia kwake, wakatoka na vikapu vitupu. Mzee Bakari aliniamkia kila asubuhi kwa sauti ile ile ya chini. Mimi nilihesabu siku za fungate ya Utange kwenye vidole, maana biharusi hatavua dhahabu mpaka saba zitimie, na baada ya hapo bado kuna mwendo wa Utange mpaka Likoni. Sikuwa nikilala vizuri. Kila nikifumba macho nilimwona Bi Mwanaisha akikata uzi na kutoa bawaba.

Siku ya kupima alifika wa kwanza. Akaketi kwenye mkeka, akajipepea. Nilimpa mkasi akate mwenyewe, akasema kata wewe, mwanangu, mimi mato yangu hayaoni. Nikakata. Nikajichoma kidole kwa ncha ya mkasi.

Zilikuwemo. Bangili mbili pana, nakshi ya asumini, moja kitasa kimepinda kidogo.

Nilizijua kwa uzito kabla ya macho. Nilikuwa nimezivaa siku saba. Nilikuwa nimepika nazo, nimeoga nazo, nimewaamkia wakwe nazo, na mwezi ule ule nikasoma kitabuni, "Namba saba, bangili, jozi moja," nikajibiwa ipo, nikatia alama kwa mkono uliozivua juzi tu. Nilizipima. Zilikuwa zimepungua kidogo kuliko kitabuni, kama dhahabu inavyopungua ikisuguana.

"Zimekonda," akasema Bi Mwanaisha.

"Huenda ni mizani, bi."

"Huenda," akasema. Akazifunga kwenye leso yake, akaenda zake.

Dhahabu yote ilipatikana. Alhamisi yake, Maalim Omari akiwa amewaeleza wenzake, kamati ikakaa: wazee upande wao, mimi upande wangu wa pazia. Sijasikia utetezi mzuri kama ule maishani. Mzee Bakari hakukana. Alisema hakuchukua riba, kwa kuwa kodi ya kitu si riba, na hapo alikuwa sawa. Alisema hakuna amana iliyopotea. Alisema alilipia mikeka ya madrasa kutokana na kodi ile. Kisha akasema kwamba kwa kuwa dhahabu ilikuwa ikivaliwa, tena mara kwa mara, haikuwa hazina iliyofungiwa, kwa hiyo kwa miaka mitatu amewaokolea wanawake wa Likoni zaka.

Kamati ilifikiri. Wallahi ilifikiri. Kisha wakaanza kujadili zile pesa za kodi zilizobaki: si za Chama, si za Bakari, na kuwapa wenye dhahabu kungelazimu kuwaeleza. Walijadili hilo mpaka adhuhuri, na wizi wenyewe waliumaliza kati ya vikombe viwili vya kahawa. Pesa zilijengewa choo cha umma karibu na soko, kwa saruji nzuri kuliko ya ofisi yetu. Mzee Bakari aliamriwa kustaafu kwa sababu za afya, na jambo likafunikwa kwa jina la sitara.

"Na wewe, Binti Zainabu," mwenyekiti akasema kwenye pazia, "utanyamaza. Sahihi iliyo kitabuni kila mwezi ni yako. Likitoka nje, jina la kwanza kutajwa ni lako."

Hapo nilikasirika, na nikaona haya pia, kwa kuwa alisema kweli. Sahihi ilikuwa yangu. Nikasema nitanyamaza, kwa sharti moja. Sanduku lihamie upande wangu, na mwisho wa mwezi nishike kila kifuko kwa mkono, mbele ya wenye funguo watatu, kila mmoja na wake. Mwenyekiti akakohoa. Safari hii nilimwacha akohoe mpaka akamaliza.

"Mpeni," akasema Maalim Omari. "Mimi nilimfunza kuhesabu, kisha nikaenda kuuguza goti."

Sanduku likahama. Maalim aliufunga ufunguo wake kwenye uzi shingoni, akavuka feri nao kila mwisho wa mwezi, akichechemea, mpaka alipofariki. Mzee Bakari alifanyiwa pilau ya kuagwa. Walimsifu kwa uaminifu. Keki haikuwepo, zama hizo hazikuwa za keki.

Baada ya Idi Bi Mwanaisha aliuza bangili zake kwa sonara wa kisiwani, nauli ikatosha. Na kama ilivyo ada kwa mwenye kwenda Hija, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi, maana hujui kama utarudi. Kwangu alifika asubuhi. Nikamtandikia mkeka, nikampa chai.

"Nisamehe, mwanangu, kwa nilichokukosea," akasema.

"Hukunikosea kitu, bi. Mimi ndiye nikuombe radhi."

"Nami nimekusamehe. Hata lile la harusi yako."

Nikaweka birika chini. "Lipi, Bi Mwanaisha?"

"Bangili zangu. Nalikuona siku ya kupamba, kwa mato yangu. Nikasema moyoni, mtoto hana baba, mamake hana kitu, amefungua sanduku, amevaa. Atarudisha. Basi kila mwezi nikaja kukukumbusha, kwa uzuri, nisikutahayarishe. Miaka mitatu. Lakini siwezi kwenda Makka na jambo la mtu moyoni, ndiyo nikaona nikwambie. Nimekusamehe duniani na akhera."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na ya kusema: Bi Salma, cherehani, pete ya funguo, biharusi wa Utange. Haikuwa ahadi yangu kwa kamati iliyonizuia. Niliikumbuka mikono yangu magotini, nikaikumbuka kalamu katika mkono ule ule, na yeye mkekani kila mwezi akiniuliza swali ambalo mkaguzi mzima angepaswa kuliuliza, nami nikimjibu bila kuinua kichwa.

"Nimepokea, bi," nikamwambia, machozi yakinitoka. "Ahsante. Lakini kwa nini hukusema siku ile ile?"

Akamaliza chai yake, akanirudishia kikombe.

"Ulikuwa umependeza mno," akasema.